Kunufaika na Mafunzo Endelevu ya Mtandaoni: Hali ya Mwalimu wa Kompyuta Kisiwani Unguja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mwalimu wa somo la kompyuta kisiwani Unguja anavyoweza kunufaika na mafunzo endelevu yanayotolewa kwa njia ya mtandao. Yanaeleza kwanza mazingira ya kazi ya mwalimu huyo, yaani umeme, intaneti, muda, lugha na umbali baina ya mji na mashamba. Kisha yanabainisha aina za mafunzo zinazopatikana, maarifa yanayohitajika katika ufundishaji wa somo hili, na hatua ambazo mwalimu, shule na vituo vya walimu vinaweza kuzichukua. Hoja kuu ni kwamba kozi ya mtandaoni huzaa matunda pale tu inapofungamanishwa na mambo mawili: kipindi mahususi atakachokifundisha mwalimu, na mwenzake wa karibu atakayejadiliana naye. Pasipo mambo hayo, mwalimu huweza kupata cheti huku ufundishaji wake ukibaki vilevile.

Maneno muhimu: mafunzo endelevu, ufundishaji wa kompyuta, vituo vya walimu, Unguja

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa kompyuta hufundisha somo linalobadilika upesi kuliko kitabu chake cha kiada. Aliyehitimu ualimu wakati ambapo somo hili lilihusu zaidi sehemu za kompyuta na programu za ofisini, leo hutakiwa kufundisha uandishi wa programu, usalama wa data na hata misingi ya akili mnemba. Mabadiliko hayo si ya Zanzibar pekee. Uingereza iliondoa somo la TEHAMA katika mtaala wake na kuweka somo la sayansi ya kompyuta kuanzia Septemba 2014, na walimu wengi wakajikuta wakitakiwa kufundisha jambo ambalo wao wenyewe hawakufundishwa. Nchini Kenya, muhtasari wa kufundishia uandishi wa programu uliidhinishwa mwaka 2022 kwa shule za msingi na sekondari. Tanzania nayo imehuisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kupitia Toleo la 2023.

Kwa upande wa Zanzibar, elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Husimamiwa na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, huku Taasisi ya Elimu Zanzibar ikishughulikia mitaala. Hata hivyo, mtahiniwa wa Kidato cha Nne wa Unguja hufanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania sawa na mwenzake wa Mwanza au Mbeya. Kwa hiyo, pengo lolote la maarifa ya mwalimu hudhihirika katika karatasi ileile ya mtihani. Anayelipa gharama ya pengo hilo ni mwanafunzi.

Mafunzo kazini ya ana kwa ana ndiyo njia iliyozoeleka ya kuziba pengo la namna hii. Lakini semina huhitaji fedha, mwezeshaji na ruhusa, nayo huja kwa nadra. Mafunzo ya mtandaoni yanaonekana kuwa jawabu kwa sababu hayamtaki mwalimu asafiri wala kusubiri kualikwa. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mwalimu afanye nini ili kile anachokisoma katika skrini kifike ubaoni?

2.0 Mazingira ya mwalimu wa kompyuta Unguja

2.1 Umeme na intaneti

Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Ras Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Ulipopata hitilafu Mei 2008, kisiwa kilikaa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja. Ulipoharibika tena Desemba 2009, giza lilidumu kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, na hali ikaimarika sana. Hata hivyo, tukio hilo limeacha funzo kwa kila mpango wa elimu unaotegemea vifaa vya umeme: ni lazima mpango huo uwe na njia ya kuendelea umeme unapokatika.

Kuhusu intaneti, mabadiliko makubwa yalikuja pale kebo za baharini za SEACOM (2009) na EASSy (2010) zilipofika Dar es Salaam na kuiunga pwani ya Afrika Mashariki na dunia. Kabla ya hapo mawasiliano ya kimataifa yalitegemea zaidi satelaiti, na kozi ya video isingewezekana kwa mwalimu wa kawaida. Leo walimu wengi hufikia intaneti kupitia simujanja, kwa bando wanalolinunua wenyewe. Jambo hili lina athari ya moja kwa moja. Saa moja ya video yenye ubora wa kati hutumia mamia ya megabaiti, ilhali matini ya kusoma kwa saa hiyohiyo aghalabu haifiki megabaiti moja. Kozi inayoitwa ya bure, kwa hiyo, si ya bure kwa anayeilipia bando.

2.2 Mji, mashamba na muda

Taasisi za elimu ya juu zenye wataalamu wa kompyuta zimekusanyika mjini na pembezoni mwake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi Vuga, ndani ya Mji Mkongwe, na makao yake makuu Tunguu; Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni. Mwalimu anayefundisha karibu na Darajani anaweza kufika Vuga kwa miguu baada ya kazi. Mwalimu wa Nungwi au Makunduchi yupo mwendo wa takriban kilomita 60 au zaidi, safari ambayo kwa daladala humla sehemu kubwa ya siku. Kwa hakika, huyu wa mashamba ndiye anayehitaji zaidi mafunzo ya mtandaoni, na ndiye ambaye huduma ya mtandao humwendea kwa tabu zaidi.

Aidha, zipo shule za Unguja zinazoendeshwa kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana. Chumba cha kompyuta kinachotumiwa na mikondo yote miwili hakibaki wazi kwa ajili ya mwalimu kujifunzia. Muda unaosalia ni wa usiku, nyumbani, baada ya kazi za familia. Mzigo huu huwaelemea zaidi walimu wanawake, ambao jioni hukabiliwa na shughuli za jikoni na malezi. Mpango wa mafunzo unaochukulia kwamba kila mwalimu ana saa mbili tulivu kila usiku huwaacha nje wengi bila kukusudia.

2.3 Lugha

Kozi nyingi za mtandaoni za kompyuta hutolewa kwa Kiingereza. Zanzibar, kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2006, ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na lugha hiyo ndiyo ya kufundishia katika sekondari. Hata hivyo, mwalimu anapomweleza mwanafunzi jambo gumu, maelezo yenye kueleweka mara nyingi huja kwa Kiswahili. Hivyo, mwalimu hubeba kazi ya pili ambayo kozi haimsaidii: kuitafsiri dhana.

Kazi hiyo si ngeni. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Desemba 2004 programu ya ofisini kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, na istilahi nyingi zilibuniwa au kusanifiwa katika mchakato huo. Programu ya Scratch, inayotumika kuwafundisha watoto uandishi wa programu, nayo inapatikana kwa Kiswahili. Mwalimu anayetunza daftari la istilahi, akiandika kwa kila dhana jina la Kiingereza, jina la Kiswahili na mfano mmoja wa darasani, huwa tayari ameigeuza kozi ya kigeni kuwa zana yake.

2.4 Uzoefu uliokwishapatikana

Ufundishaji wa kutoka mbali una historia Zanzibar. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, mradi wa RISE ulirusha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa maandalizi na madarasa ya mwanzo. Vipindi hivyo vilikuwa vya kushirikishana: sauti ya redioni iliuliza, ikanyamaza ili watoto wajibu, kisha ikaendelea, na mtu mzima aliyekuwapo aliongoza shughuli. Baadaye, kuanzia mwaka 2011, mradi wa TZ21 ulipeleka kompyuta katika shule za msingi za Zanzibar na Mtwara.

Uzoefu wa RISE unafaa kuzingatiwa na wapangaji wa mafunzo ya walimu. Sauti ya mbali haikuachwa peke yake. Iliandaliwa mtu wa karibu wa kuipokea na kuigeuza kuwa kitendo. Kozi ya mtandaoni ya mwalimu inahitaji mpango uleule.

3.0 Aina za mafunzo ya mtandaoni

Mafunzo yanayoweza kumfikia mwalimu wa Unguja yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni programu rasmi za vyuo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hutoa masomo kwa njia ya masafa na kina kituo Zanzibar. Programu hizi hutoa shahada au stashahada inayotambulika, lakini huhitaji ada na miaka kadhaa.

Kundi la pili ni mifumo ya kitaifa ya mafunzo kazini. Tanzania Bara inao mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, ambapo Taasisi ya Elimu Tanzania huweka moduli katika mfumo wa kielektroniki na walimu hukutana shuleni katika jumuiya za ujifunzaji. Ingawa mpango huo ni wa Bara, muundo wake wa kuunganisha moduli ya mtandaoni na mkutano wa shuleni ni mfano ulio karibu.

Kundi la tatu ni kozi huria za kimataifa. Mpango wa TESSA, ulioanzishwa mwaka 2005 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, una zana za walimu zinazopatikana pia kwa Kiswahili. Taasisi ya Raspberry Pi ya Uingereza hutoa bila malipo kozi na maandalio ya masomo ya kompyuta. UNESCO nayo imetoa mwongozo wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu. Toleo lake la tatu, la mwaka 2018, lina umahiri 18 uliopangwa katika ngazi tatu: kupata maarifa, kuyazamisha na kuyabuni. Mwongozo huo humsaidia mwalimu kujipima kabla ya kuchagua kozi.

Kozi huria zina udhaifu unaojulikana. Katy Jordan, katika uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2015, alibaini kwamba kiwango cha kati cha wanaomaliza kozi hizo ni asilimia 12.6 ya waliojiandikisha. Takwimu hiyo haina maana kwamba waliobaki ni wavivu, kwani wapo waliotaka sehemu moja tu ya kozi na wakaipata. Inachoonesha ni kwamba kujiandikisha ni hatua ndogo mno, na kwamba mpango unaohesabu idadi ya walimu waliojiandikisha bado haujapima chochote.

4.0 Maarifa anayoyahitaji mwalimu wa kompyuta

Lee Shulman (1986) alitenganisha maarifa ya somo na maarifa ya kulifundisha somo hilo. Mtu anaweza kuwa fundi hodari wa programu na bado asijue kwa nini mwanafunzi wa Kidato cha Pili anakosea palepale kila mara. Punya Mishra na Matthew Koehler (2006) waliendeleza fikra hiyo kwa kuongeza maarifa ya teknolojia na kuonesha kwamba aina hizo tatu hazina budi kufanya kazi pamoja.

Mfano mmoja unatosha kulibainisha suala hili. Mwalimu anaandika ubaoni mistari mitatu ya lugha ya Python:

a = 5
b = a
a = 7

Kisha anauliza thamani ya b. Jibu sahihi ni 5, kwa sababu mstari wa pili ulinakili thamani ya a kama ilivyokuwa wakati ule. Wanafunzi kadhaa watajibu 7. Hawajakosea kwa uzembe; wanaisoma alama ya = kama walivyofundishwa katika Hisabati, ambako husema kwamba pande mbili ni sawa daima. Mwalimu aliyesoma sarufi ya Python pekee atarudia kusema kwamba jibu ni 5. Aliyejifunza pia namna ya kuifundisha atachukua visanduku viwili, aweke karatasi yenye namba katika kila kimoja, na kuwataka wanafunzi wafuate mistari mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo, mwalimu anapochagua kozi, ni vyema aangalie kama inagusa makosa ya wanafunzi, mpangilio wa mada na njia za upimaji. Kozi iliyotungwa kwa ajili ya wahandisi wa programu inaweza kumwongezea ufundi, lakini haitamwambia afanye nini na darasa la wanafunzi wengi wenye kompyuta chache.

5.0 Hatua za mwalimu mwenyewe

5.1 Kuanza na tatizo la darasani

Hatua ya kwanza ni kuandika tatizo moja kabla ya kufungua tovuti yoyote. Tatizo liwe dogo na la wazi: kwa mfano, wanafunzi wanaweza kunakili programu kutoka ubaoni lakini hawawezi kubadilisha mstari hata mmoja. Mwalimu mwenye tatizo la namna hii hutafuta sehemu ya kozi inayolihusu na kuacha nyingine. Moduli moja iliyotumika darasani ina thamani kuliko kozi nzima iliyosahauliwa.

5.2 Kubana gharama ya data

Inashauriwa mwalimu atangulize matini na maandishi ya video kabla ya video yenyewe, apakue maudhui mahali penye intaneti nzuri, na ayasome baadaye nje ya mtandao. Programu ya simu ya Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi, huruhusu kupakua maudhui ya kozi pale iliporuhusiwa na chuo. Walimu wa shule jirani wanaweza kugawana kazi: mmoja hupakua, wengine hunakili kwa flashi, kwa sharti kwamba leseni ya maudhui inaruhusu. Zana za TESSA ni za wazi, hivyo kunakili na kuzibadilisha kunaruhusiwa.

5.3 Kusoma na mwenzake

Shule inaweza kuwa na walimu kadhaa wa Kiswahili au Hisabati. Mwalimu wa kompyuta aghalabu huwa peke yake. Upweke huu ni tatizo kubwa kuliko ukosefu wa maudhui, kwani maudhui yamejaa mtandaoni. Anachokosa mwalimu ni mtu wa kumwonesha andalio la somo na kumwambia ukweli. Linda Darling-Hammond na wenzake (2017), walipopitia tafiti za mafunzo ya walimu, waliorodhesha ushirikiano, mifano ya utendaji, ushauri, mrejesho na muda wa kutosha miongoni mwa sifa za mafunzo yenye tija.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walimu wawili wa shule tofauti, hata mmoja akiwa Mkwajuni na mwingine Kitogani, wanaweza kujiandikisha kozi moja kwa wakati mmoja na kukubaliana siku ya kuzungumza. Kundi la WhatsApp linafaa kwa kazi hii iwapo lina kanuni moja: kila ujumbe uhusu kipindi kilichofundishwa au kitakachofundishwa. Kundi lisilo na kanuni hugeuka upesi kuwa uwanja wa salamu na matangazo.

5.4 Kuipeleka kozi darasani

Mifano ya kozi za kigeni mara nyingi hutokana na mazingira ya watunzi wake. Mwalimu hana budi kuibadilisha. Dhana ya kurudia amri hadi sharti fulani litimie inaweza kuelezwa kwa mchezo wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64. Tukiacha kando kanuni za nyumba na za kula, mchezaji huchota kete zote za shimo na kuzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala na zamu humwendea mwenzake. Mwanafunzi aliyewahi kusimama kando ya bao barazani anaijua tayari amri ya kurudia yenye sharti. Kinachobaki ni kumwonesha namna ya kuiandika.

Vilevile, upo mkusanyiko wa shughuli za kufundishia kompyuta bila kompyuta, ulioasisiwa New Zealand na Tim Bell na wenzake katika miaka ya 1990. Katika shughuli mojawapo, wanafunzi watano husimama mbele ya darasa wakishika kadi zenye madoa 16, 8, 4, 2 na 1. Ili kupata 19, wenye kadi za 16, 2 na 1 huzionesha na wengine huzificha, na darasa husoma 10011. Kwa kadi hizo tano huweza kuundwa namba zote kuanzia 0 hadi 31. Kipindi cha namna hii hakisimami umeme unapokatika, na kinawahusisha wanafunzi wote hata kama kompyuta ni nne tu.

5.5 Mzunguko wa wiki nne

Hatua zilizoelezwa zinaweza kupangwa katika mzunguko ufuatao:

Wiki ya kwanza: mwalimu huandika tatizo moja na kuchagua moduli moja inayolihusu.
Wiki ya pili: husoma moduli, huandika istilahi zake daftarini, na kuandaa andalio la somo pamoja na mwenzake.
Wiki ya tatu: hufundisha kipindi na kukusanya kazi za wanafunzi, ziwe za karatasi au za kompyuta.
Wiki ya nne: hujadili na mwenzake makosa yaliyojitokeza, hurekebisha andalio na kulihifadhi kwa matumizi ya wengine.

Mzunguko huu unawiana na hoja ya Thomas Guskey (2002) kwamba imani ya mwalimu kuhusu mbinu mpya hubadilika hasa baada ya kuona matokeo kwa wanafunzi wake. Kazi za wanafunzi ndizo ushahidi wa kwanza wa mafunzo, cheti hufuata.

6.0 Wajibu wa shule, vituo vya walimu na vyuo

Jitihada za mwalimu binafsi zina mpaka. Mwalimu anayejisomea usiku kwa bando lake hawezi kuachiwa peke yake jukumu la kuhuisha somo zima.

Mwalimu mkuu anaweza kuanza na jambo lisilo na gharama, nalo ni muda. Vipindi viwili kwa wiki vikitengwa katika ratiba kwa ajili ya kujifunza, na chumba cha kompyuta kikaachwa wazi katika muda huo, mzigo wa usiku hupungua. Hatua hiyo huwanufaisha zaidi walimu wenye majukumu mazito nyumbani.

Vituo vya walimu, kama vile vya Bububu, Dunga, Kitogani na Mkwajuni, vina nafasi ya pekee kwa kuwa vimeenea mjini na mashamba na vimezoeleka kwa mafunzo ya masomo mengine. Kituo kinaweza kuwa mahali pa kupakulia maudhui mara moja kwa niaba ya walimu wa wilaya nzima. Mfumo wa Kolibri, kwa mfano, huwezesha kompyuta moja ndogo kuhifadhi maelfu ya masomo na kuyasambaza kwa simu na kompyuta zilizo karibu bila intaneti. Muhimu zaidi, kituo kinaweza kuwa mahali pa kukutania. Siku moja kwa mwezi ambapo walimu wa kompyuta wa wilaya hukutana na mshauri wa somo, kila mmoja akiwa na kazi za wanafunzi mkononi, ingemwondolea upweke mwalimu wa kijijini kuliko kozi yoyote.

Vyuo navyo vinaweza kuchangia wanafunzi wao. Mwanachuo wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar aliye katika mazoezi ya kufundisha huwa na maarifa mapya ya programu. Mwalimu mwenyeji huwa na uzoefu wa darasa. Wawili hao wakisoma moduli moja pamoja, kila mmoja hupata anachokikosa.

Suala la utambuzi wa vyeti linahitaji uangalifu. Mwalimu anayo haki ya kutaka juhudi zake zitambuliwe katika upandishaji wa daraja. Hata hivyo, utambuzi ukitegemea cheti pekee, utawasukuma walimu kukusanya vyeti. Ni busara cheti kiambatane na andalio la somo lililofundishwa na sampuli za kazi za wanafunzi, nyaraka ambazo mkaguzi anaweza kuzisoma na kuziuliza maswali.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kikwazo cha mwalimu wa kompyuta kisiwani Unguja si uhaba wa kozi. Kozi zipo nyingi na baadhi ni nzuri. Kikwazo ni masafa kati ya kozi na kipindi, masafa ambayo waya wa baharini na kebo za intaneti haziwezi kuyaondoa. Huondolewa na tatizo lililochaguliwa vyema, moduli iliyofupishwa kulingana na muda na data, mfano uliobadilishwa ukaeleweka na mtoto wa Unguja, na mwenzake wa kulijadili somo baada ya kufundishwa.

Mapendekezo matatu yanatokana na hoja hii. Kwanza, kila mwalimu wa kompyuta awe na mwenza wa shule nyingine wa kusoma naye. Pili, shule zitenge muda wa kujifunza ndani ya ratiba. Tatu, vituo vya walimu vipewe jukumu la kuhifadhi maudhui na kukutanisha walimu wa somo hili kila mwezi. Mapendekezo haya hayahitaji kusubiri mradi mpya, kwa kuwa majengo, walimu na kozi vipo tayari. Mafanikio yake yapimwe shuleni Makunduchi, Nungwi na Mji Mkongwe kwa kigezo kimoja: kama mwanafunzi aliyekuwa akinakili programu sasa anaweza kuibadilisha na kueleza kwa nini imefanya kazi.